Gauni la Bibi Gunnel na Manjano ya Mama

Kisa chote kilitugharimu krona mia mbili na kumi na nane. Nimejumlisha mara mbili: manjano makopo mawili, thelathini na nane, maziwa, hamsini na nne, siki, kumi na mbili, sabuni ya kuondoa madoa ambayo haikuondoa doa lolote, themanini na tisa, pini za nguo, ishirini na tano. Sijaweka miezi ya kushuka ngazi kwa kunyata ili jirani asitusikie, maana hiyo sijui huuzwa kwa kilo au kwa mita. Na gauni jipya, lile ambalo mama alikataa kuninunulia kwa kuwa ni ghali, lilikuwa mia moja tisini na tisa.

Yote haya yamenirudia juzi katika mkahawa mmoja mjini, wa aina ile ambayo viti vyake havina migongo. Ubaoni waliandika "maziwa ya dhahabu", krona sitini na mbili. Nikamuuliza kijana wa kaunta ndani kuna nini. Akasema manjano, tangawizi, pilipili manga kidogo. Akainama kama anayenipa siri, akasema ni dawa ya kale ya Wahindi, Ayurveda, inatuliza uvimbe, inasafisha damu, inalinda kifua.

"Nifanyie hamsini," nikamwambia. "Mimi nimeinywa tangu nina miaka tisa, tena kwa kushikwa pua."

Akacheka, akadhani natania. Nikalipa sitini na mbili. Lakini nilipokisogeza kikombe puani, harufu ile ya udongo mkavu wenye uchungu kwa nyuma ilinitoa pale ikanipeleka mtaa wetu wa zamani wa Rågsved, ghorofa ya pili, jikoni kwetu, ambako kijiko, meza, swichi ya taa na kiganja cha mkono wa kulia wa mama vyote vilikuwa na rangi moja.

Mama alijifunza manjano Bujumbura. Kabla sijazaliwa alipika miaka sita katika nyumba ya mfanyabiashara wa Kihindi. Mshahara ulikuwa ukichelewa, lakini masomo hayakuchelewa. Mama mzazi wa tajiri, kikongwe waliyemwita Ba, alikuwa anakaa jikoni kutwa akimfundisha: haya ya kuchemsha na maziwa kwa kikohozi, haya ya kukanda na mafuta kwa goti, haya ya kuweka kwenye kidonda kabla hakijatunga usaha. Tulipofika Sweden mama alikuwa na sanduku moja na elimu hiyo. Alikuwa akisema tajiri yule bado anadaiwa mishahara miwili, na kwamba manjano ndiyo aliyojilipa.

Kwa hiyo kwetu hapakuwa na ugonjwa uliokosa manjano. Tumbo, manjano. Chunusi, manjano. Nilipofeli mtihani wa hesabu, nilipewa maziwa ya manjano kwa ajili ya kumbukumbu, ingawa nilifeli kwa sababu mwalimu alitaka nionyeshe njia na mimi nilitaka kuonyesha jibu tu. Sharti lilikuwa pilipili manga na kijiko cha siagi. Bila hivyo, mama alisema, manjano hupita mwilini kama mgeni asiyekaribishwa hata maji.

Lakini lililoniingia zaidi ni lile alilokuwa akiniambia anaponipaka kifuani, nami nikijinyonganyonga kwa baridi ya mafuta. "Tulia, Espe. Unaona rangi hii inavyobaki kwenye fulana? Rangi ikitoka, ugonjwa umetoka nayo." Nadhani alisema ili nitulie. Mimi nililichukua kama lilivyo. Nikajua kwamba ile njano kwenye fulana ndiyo kikohozi chenyewe, kimehama kutoka kwangu, kimekaa pale kinasubiri mtu mwingine. Fulana zangu za ugonjwa nilikuwa nikizishika kwa vidole viwili.

Sasa, mliokulia huku mnaijua Lucia, na msiokulia huku niwaeleze kwa ufupi. Disemba, asubuhi ya giza, watoto wanaingia ukumbini kwa mstari wakiimba, wamevaa magauni meupe, na mbele yao msichana mmoja ana taji la mishumaa kichwani. Huyo ndiye Lucia. Darasani kwetu alipatikana kwa kura. Wasichana walikuwa kumi na mmoja. Niliwaendea watatu mmoja mmoja nikawaahidi peremende zangu za Jumamosi mbili mfululizo, maana huku mtoto hupewa peremende Jumamosi tu, wasiandike majina yao. Tukabaki wanane. Mwalimu akachomoa karatasi kutoka kwenye kofia yake, akasoma jina langu, na mimi nikafanya uso wa mtu anayeshangaa.

Nyumbani nilimwambia mama kwa Kiswidi kwamba nahitaji gauni.

"Nijibu kwa lugha ninayopikia," akasema.

"Nahitaji gauni jeupe, mama. Refu. Dukani ni mia moja tisini na tisa."

"La kuvaa muda gani?"

"Kama nusu saa."

Akaweka mwiko chini, akapiga hesabu dirishani kwa kidole, kwenye mvuke wa chungu. "Krona sita na ushee kila dakika. Hata teksi haithubutu."

Gauni likatoka kwa Bibi Gunnel. Alikuwa mjane wa ghorofa ya chini yetu, na ndiye aliyetawala chumba cha kufulia cha jengo zima bila mtu yeyote kumchagua. Chumba hicho kina ubao wa ratiba, na kila nyumba ina kikufuli chake chenye namba, unakitundika kwenye saa unayoitaka. Watu wa jengo letu waliweza kusameheana kelele na moshi wa samaki, lakini si saa ya kufulia. Bibi Gunnel alimpenda mama kwa jambo moja: mama alikuwa anasafisha kichujio cha mashine ya kukaushia kabla ya kuitumia na baada ya kuitumia. Mara mbili. Katika miaka yote, alisema Bibi Gunnel, hajaona mtu mwingine.

Akapanda kwetu na kasha, ndani karatasi laini, ndani ya karatasi gauni la pamba nzito lenye lesi shingoni.

"Mama yangu alilishona, huko kwetu kaskazini," akasema polepole ili mama amfuate. "Nimelivaa mimi. Amelivaa binti yangu. Mwakani ni zamu ya mjukuu wangu. Kwa hiyo baada ya Krismasi nitalichukua."

Mama aliosha mikono kabla ya kulipokea. Na alipolipokea, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuuliza bei ya kitu.

Siku tano kabla ya Lucia nilianza kukohoa, na sauti yangu ikapotea. Haikuwa mkwaruzo tu, ilikuwa imeondoka kabisa, nikifungua mdomo inatoka hewa kama pampu ya baiskeli. Mwalimu alinionea huruma, akasema asubuhi ya siku yenyewe nikija bila sauti, taji atavaa Linnea. Linnea ni mmoja wa wale watatu waliokula peremende zangu. Siku hiyohiyo alianza kutembea na kitabu kichwani.

Muuguzi wa shule alisema nipumzike, ninywe maji ya uvuguvugu. Mama alisikiliza kwa heshima zote, akarudi nyumbani na makopo mawili ya manjano. Asubuhi kikombe, mchana kikombe, jioni kikombe, na usiku wa kulala manjano yaliyokorogwa na mafuta, kiganja kizima kifuani na kiganja kizima mgongoni. Jioni ya mwisho alinipaka mara mbili, kwa uhakika, akanivika fulana kuukuu, akaenda kuoga.

Gauni lilikuwa limetundikwa mlangoni. Nilitaka kuona tu. Nilivua fulana kwa sababu ilivimba kwa ndani na kunifanya nionekane mnene. Nikalivaa. Nikapanda kitandani nijione kwenye kioo cha kabati, nikakaa, nikaegemea, na mjue kwamba maziwa ya moto yenye siagi humlaza mtoto vizuri kuliko dawa yoyote. Hiyo faida nawathibitishia mimi mwenyewe.

Nilipoamka nikaangalia kifuani, nikapiga yowe.

Kutoka jikoni mama akasema, "Asante Mungu, sauti imerudi." Kisha akaja kuona kwa nini.

Kifuani mwa gauni palikuwa na mkono wa mama. Vidole vitano vimetanuka, vya njano, waziwazi kama alama ya kituo cha basi. Akanigeuza. Mgongoni kulikuwa na mwingine. Alikaa kitandani. "Ni mikono yangu," akasema, kama mtu aliyeonyeshwa ushahidi.

Tulishuka chumba cha kufulia kabla jengo halijaamka. Saa ile ilikuwa na kikufuli ubaoni, na kikufuli kilikuwa cha Bibi Gunnel. Mama alikitazama, akafumba macho, akapita. Akaweka gauni kwenye karo, akalipaka sabuni ya madoa, akasugua. Ile mikono ikageuka kuwa myekundu. Nyekundu ya damu, sitanii. Mwenye manjano na sabuni nyumbani ajaribu. Ndiyo mara pekee nimemwona mama akirudi nyuma mbele ya nguo.

Akapanda mbio, akarudi na siki. Akamwaga. Ikarudi njano. Akatia sabuni tena. Nyekundu. Siki. Njano.

"Tuna rangi mbili za kuchagua," akasema kwa utulivu wa ajabu, "na hakuna nyeupe."

Ndipo mlango ukafunguka. Mama alilitupa gauni kwenye ndoo, na kitambaa juu yake. Bibi Gunnel alisimama pale na kapu lake, akatutazama, akautazama ubao, akatutazama tena.

"Mko mapema," akasema.

"Tunasafisha kichujio," akasema mama.

Bibi Gunnel aliguswa sana. Mpaka leo nikikumbuka uso ule naona aibu.

Nilikuwa Lucia, ndiyo. Niliingia ukumbini nikiwa nimevaa joho jeupe la kwaya la mama, lile la kanisani, refu la kumfika mtu mzima kifundoni, limekunjwa na kubanwa kwa pini kumi na saba. Nilizihesabu wakati wa kuvaa, nikazihesabu wakati wa kuvua, zikawa kumi na sita, na ile ya kumi na saba nilikuwa nimeshaipata mwenyewe katikati ya ubeti wa pili. Watu walisema niliimba kwa hisia. Bibi Gunnel alikuwa safu ya pili, na miwani. Mwishoni alikuja akanishika mkono, akatazama ile mikono mipana ya joho inayometa kwa nailoni.

"Nilikuwa nimesahau," akasema, "kwamba lina mikono mikubwa hivi."

"Ni taa," akasema mama.

Baada ya hapo tuliishi kama wezi. Gauni lilikuwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda cha mama. Mama alijua dawa ya doa lile: kwa Ba nguo zote zenye manjano zilikuwa zikianikwa juani, na jua la Bujumbura lilikula rangi kwa siku moja. "Jua tu," alisema. "Hatuhitaji kingine, ni jua." Tukatazama dirishani. Ilikuwa saa nane mchana na taa za barabarani zilikuwa zimewaka.

Kwa hiyo mkakati ukawa kuchelewesha. Bibi Gunnel alipopanda mara ya kwanza, Januari, kuulizia kasha lake, mama alimvuta ndani kabla hajamaliza sentensi, akamkalisha, akamwekea kikombe cha maziwa ya manjano. Bibi Gunnel alikuwa na vidole vilivyovimba viungo, kikombe alikishika kwa mikono miwili. Mama akamweleza: hii kwa viungo, hii kwa tumbo, hii kwa usingizi. Bibi Gunnel akanywa, akasema ladha yake ni kama kula chungu cha maua, akaomba nusu kikombe tena, akateremka. Gauni halikutajwa. Wiki iliyofuata akaja tena, na tena hakuondoka nalo. Mama alikuwa akihesabu vikombe. "Amekunywa sita. Kwa sita mtu hawezi kukasirika."

Mimi hofu yangu ilikuwa nyingine. Mama aliogopa doa. Mimi nilijua kilichomo kwenye doa. Kikohozi changu chote, cha siku tano, kimekusanyika katika mikono miwili chini ya kitanda, na siku yoyote kitarudishwa kwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, kikiwa kimefungwa vizuri kwenye kasha. Nililala nimegeukia ukuta. Nilihamisha ndala zangu zisikae karibu na kile kitanda. Nilikuwa naomba gauni lisipone.

Mara ya tano Bibi Gunnel alipopanda, alikohoa. Mara moja mlangoni, mara mbili kwenye kiti. Nilihesabu. Nyumba yake ilikuwa chini yetu, na chumba chake cha kulala, nikapiga hesabu, kilikuwa chini ya kitanda cha mama kabisa. Kikohozi kimepita sakafuni.

Nikaangua kilio. Nikasema kwa Kiswidi, yote kwa pumzi moja, kwamba nisamehewe, nimemuua, ugonjwa wangu uko kwenye gauni lake, nililala nalo, umetoka kwangu ukaingia humo na sasa umempata, na asilichukue, afadhali tulichome.

 Mama alikuwa amesimama na mwiko, maziwa yakifurika jikoni nyuma yake, na hakugeuka.

"Lilete," akasema Bibi Gunnel.

Mama alipiga magoti, akauvuta mfuko. Alilikunjua gauni mezani mwenyewe. Hakutoa sababu hata moja, na mjue mama yangu anaweza kukuuzia sababu sokoni. Alisema tu, "Hili ni kosa langu, si la mtoto. Mikono ni yangu."

Bibi Gunnel alivaa miwani. Aliutazama ule mkono muda mrefu, kisha akaweka kiganja chake juu yake, vidole vyake vilivyopinda juu ya vile vilivyonyooka, kama anayepima glavu. Nilitaka kumvuta.

"Una mkono mdogo kuliko nilivyofikiri," akamwambia mama. Kisha kwangu: "Mimi nina mafua, mtoto. Nimeyapata kwenye treni, kama watu wote." Kisha, akiwa bado ameinama: "Na mnadhani sijui joho la kanisa nikiliona?"

Mama akasema doa linataka jua. Akasema kwa Kiswidi chake, na kwa mikono, jinsi Ba alivyoanika. Bibi Gunnel alimsikiliza hadi mwisho, akasema kwao kaskazini mama yake alikuwa anatandaza shuka juu ya theluji mwezi wa tatu, wakati jua limerudi na theluji bado ipo. Jua linapiga juu, theluji inalirudisha chini, nguo inapata jua mara mbili.

"Mara mbili?" akauliza mama. Nikaona amepata mtu wa kufanya naye biashara.

Tulisubiri hadi Machi. Asubuhi moja ya mwanga wa kuumiza macho, tulitandaza gauni la Lucia kwenye theluji ya ua, kati ya baiskeli na mapipa ya taka, likiwa limelala kifudifudi kama mtu aliyeanguka. Watu wa jengo walichungulia madirishani. Mzee mmoja mwenye mbwa alisimama akauliza kama tumepiga simu kwa mtu yeyote. Wanawake wawili walikaa kwenye viti vya plastiki kulilinda, chupa ya maziwa ya manjano katikati yao, na kila nusu saa waliligeuza. Hawakuwa na maneno mengi ya kuelewana, lakini kugeuza walielewana.

Siku ya tatu njano ilikuwa imeondoka. Kilibaki kidole kidogo tu, cha mgongoni, mahali pa mshono ambapo kitambaa ni kinene. Mama alitaka siku mbili zaidi. Bibi Gunnel alisema theluji imekwisha, na akataja fidia yake: kikombe kimoja kila Alhamisi, hadi atakapochoka. Mama akajaribu kushusha iwe kila wiki mbili. Akakataliwa. Hakuchoka kwa miaka kumi na minne. Mwishoni alikuwa anafungua makopo yale mwenyewe, kwa vidole vilevile. Sisemi manjano yalimponya. Daktari wangu husema ni kiungo kizuri cha mchuzi na nisitarajie zaidi ya hapo. Mama husema daktari huyo hajawahi kukohoa sawasawa. Mimi nasema tu kwamba alifungua kopo.

Mjukuu wake alilivaa gauni, tena mara mbili. Bibi Gunnel alipofariki, binti yake alituletea kasha. Alisema mama yake aliacha maagizo machache, na moja ni kwamba nguo yenye mkono wa mtu irudi kwa mwenye mkono.

Sasa nifike kwenye shida yangu, ndugu zangu mnaosoma. Binti yangu Inès ana miaka tisa. Wiki iliyopita darasa lao lilipiga kura, na ameshinda; sijauliza ametumia njia gani, nimeona tu peremende zake za Jumamosi hazionekani. Gauni nimelipiga pasi, limetundikwa mlangoni. Jana ameanza kukohoa. Leo sauti imepotea. Na sasa hivi ninapoandika, mama yangu amepiga kengele ya chini. Anapanda ngazi polepole kwa sababu ya magoti, na kutoka ghorofa ya kwanza nimeshaisikia ile harufu.

Nina dakika mbili, labda tatu, maana anapumzika kila ngazi ya kumi. Nishaurini: nifiche gauni, au nimfiche mtoto?